Mpaka Usiwe Maficho

Neno la msingi: Yoshua 22:10–34



Reubeni, Gadi na nusu ya kabila la Manase walipata urithi wao ng'ambo ya Yordani. Wakajenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao waliposikia wakajipanga kwa vita, lakini kwanza wakamtuma Finehasi na wakuu kumi waende wakaulize. Jibu walilopewa ni la kushangaza. Hawa watu hawakutaka kutoa sadaka pale. Waliogopa kwamba kesho watoto wa upande ule watawaambia watoto wa upande huu: Yordani ni mpaka, nyinyi hamna fungu kwa Bwana. Ndiyo maana madhabahu ile ikawa shahidi.

Mnaona? Mpaka uliwafanya wafikirie watoto wao.

Sisi Yordani yetu iko hapa Isebania. Wakuria ni watu wamoja. Wakoloni walichora mstari, wengine wakabaki Migori, wengine Tarime. Tunaoana, tunazikana, tunauziana mahindi. Hiyo ni baraka. Shida ni pale mpaka unapogeuzwa kuwa mahali pa kuficha kisu.

Hebu tuangalie hesabu. Mwaka 1998, wanawake 38 kati ya kila 100 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Kufikia 2022 walikuwa 15. Tumshukuru Mungu. Lakini mfanyabiashara yeyote anajua wastani unaweza kukudanganya. Ukiwa na maduka mawili, moja linapata faida na lingine linafilisika, jumla bado itaonekana nzuri. Kwetu huku msimu bado unatangazwa. Msichana wa Kisumu na msichana wa Ntimaru wako chini ya serikali moja, lakini shule zikifungwa Desemba, mmoja anafurahia likizo na mwingine anahesabu siku kwa hofu.

Sheria ipo. Tangu 2011 Kenya inakataza ukeketaji kwa umri wowote, na kumvusha msichana mpaka ili akatwe ni kosa. Kifungo si chini ya miaka 3, au faini si chini ya shilingi 200,000, au vyote viwili. Tanzania nayo tangu 1998 inawalinda walio chini ya miaka 18. Hata hivyo pikipiki zinapita njia za panya usiku. Wa huku wanapelekwa kule, wa kule wanaletwa huku.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Msichana akitoka damu nyingi, wazazi wanaogopa kumpeleka hospitali wasije wakakamatwa. Anafichwa ndani. Sikiza, mzazi: uhai kwanza! Mpeleke. Na asiyekufa siku hiyo anaweza kubaki na maambukizi, na kovu litakalomtesa siku ya kujifungua.

Mtu ataniuliza, pasta, si hata Biblia ina tohara? Soma Mwanzo 17. Agizo lile kwa Ibrahimu lilikuwa la wanaume. Hakuna mstari hata mmoja unaoagiza binti akatwe. Na katika Matendo 15 mitume walikaa kikao kuhusu tohara hiyo hiyo ya wanaume, wakakataa kuwatwika waamini wa mataifa mzigo huo. Binti yako amekamilika ndani ya Kristo, si kwa wembe.

Sasa turudi kwa Finehasi. Hakwenda kutukana. Alienda, akauliza, akasikiliza. Tena katika mstari wa 19 wale wajumbe waliwaambia ndugu zao: kama nchi yenu ina shida, vukeni mje kwetu, tugawane urithi. Walikuwa tayari kulipa gharama! Familia ikikataa kumkata binti inapoteza zawadi, sherehe na heshima mbele ya ukoo. Kanisa likisema tu "msikate" na halileti kitu mezani, tumewaachia wao bili yote.

Kwa hivyo, wiki hii tufanye mambo matatu.

Kwanza, ulimi. Lile neno *omosagane* lisisikike tena kinywani mwa mtu aliyeokoka. Linakata kabla ya kisu. Kuna wake waliokwisha kuzaa ambao walikatwa kwa sababu tu ya kuchoka kuitwa hivyo na wakaza wana wenzao. Na kumdhihaki mwanamke kwa kutokatwa ni kosa la jinai.

Pili, wazee. Akina baba, wengi wenu mna ndugu kwenye *inchaama*. Nendeni mketi nao kabla msimu haujatangazwa, kwa adabu, kama Finehasi. Mzee husikia mtu wa nyumbani kuliko mgeni mwenye kipaza sauti.

Tatu, mlango. Mama, Desemba hii kitanda kimoja kiwe tayari kwa binti wa jirani. Akija usiku, mpokee, kisha mjulishe chifu au upige 116. Namba hiyo ya watoto inafanya kazi Kenya na Tanzania, haijali mpaka.

Madhabahu ya Yordani ilikuwa ya mawe, haikuweza kumfungulia mtoto mlango. Wewe unaweza. Bwana akufanye shahidi mahali hapa ulipo, mpakani.

Amina.