Mtoto Asiyetulizwa na Fimbo

Mtaani kwetu, mtoto anayewapiga wenzake hadi kuwatoa damu, anayetoroka nyumbani usiku au anayejiumiza kwa makusudi hapungukiwi na watu wa kumweleza. Mmoja atasema ana mapepo, mwingine atasema amelogwa, na wengi watasema mama yake amemdekeza. Ushauri nao huja bila kuombwa: mchape, mpeleke kijijini kwa bibi yake akanyooke. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingetangulia yote hayo: je, huyu mtoto anaumwa?

Tumekua tukiambiwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hekima hiyo naiheshimu, na ni kweli kwamba kipigo, ulevi na ugomvi wa nyumbani huwajeruhi watoto. Lakini tumeigeuza methali kuwa hukumu, kana kwamba kila tabia ya mtoto ni hati iliyosainiwa na mzazi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kubaki na jeraha kwenye ubongo. Aliyenusurika malaria iliyopanda kichwani anaweza kubakiwa na kifafa, ugumu wa kujifunza au hasira zisizozuilika. Wapo wanaozaliwa na usonji, na wapo ambao ugonjwa wa akili umepita katika ukoo wao vizazi na vizazi. Mama wa mtoto kama huyo anaweza kulea vizuri kuliko sisi sote, na bado mwanawe akavunja vioo vya madirisha.

Wala watoto hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, hao ni 6. Wengi hawana hali nzito, lakini mwalimu anayewaita wote watukutu hawezi kumtambua yule anayezama.

Fimbo imeshindwa kwa mtoto wa namna hii kwa sababu inamtaka atumie breki ambazo ugonjwa umezilegeza. Anapopandwa na hasira, kelele na kipigo huongeza kuni kwenye moto uleule. Kinachosaidia ni kazi ya polepole: ratiba isiyobadilika-badilika, maneno machache yanayoeleweka, sifa anapofanya vema hata jambo dogo, na mtu mzima anayeweza kushusha sauti wakati mtoto anapaza yake. Makosa yake bado yanakuwa na matokeo. Aliyechafua asafishe, aliyeumiza aombe radhi akishatulia. Hiyo nayo ni nidhamu, tena inadai uvumilivu mkubwa kuliko kushika kiboko.

Lakini tusiupambe mzigo huu kwa maneno mazuri. Kuna wazazi wanaolala na visu vya jikoni chini ya godoro, na kiberiti na mafuta ya taa wamevifungia kabatini. Kuna mama anayemwogopa mtoto aliyemzaa, na hana pa kulisema hilo. Kuna watoto wengine nyumbani humo, wanaojifunza mapema mno kunyamaza na kutohitaji chochote, kwa kuwa nguvu zote za mzazi zimekwenda kwa ndugu yao. Nao wana haki ya usalama, na mzazi anayewalinda hamsaliti mwanawe mgonjwa.

Hapo ndipo mlango unapofungwa kwa kufuli mama anapokwenda kuuza mboga, na pengine ndipo kamba inapoingia. Mwaka 2020, Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watu wenye ulemavu wa afya ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, watoto wakiwemo. Kumfunga binadamu ni kosa, na nalisema hilo bila kusita. Ila jirani anayelaani kamba na hajawahi kukaa na yule mtoto hata kwa saa moja ameshika nusu tu ya haki.

Matibabu yapo, ingawa njia ya kuyafikia ni ndefu. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ya Mirembe iko Dodoma, na kwa familia ya Mtwara inayopitia Dar es Salaam hiyo ni safari ya takriban kilomita 1,000. Aibu nayo huurefusha mwendo huo, maana jina la Mirembe tumelifanya tusi la kutupiana vijiweni. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitali huonekana kama anayemtupa, ilhali huenda hilo ndilo tendo la upendo gumu kuliko yote aliyowahi kumfanyia. Dawa zenyewe zinaweza kuleta usingizi au kuongeza uzito, kwa hiyo zinahitaji kufuatiliwa kliniki. Na mtoto akitulia, nyumba nzima hushawishika kwamba amepona na vidonge viachwe, kumbe utulivu ule unaweza kuwa unatokana na vidonge hivyohivyo. Anayetaka kumwombea amwombee, na kisomo kisomwe, mradi dozi isikatishwe wala mtoto asifungwe au kupigwa kwa jina la Mungu.

Naamini mzazi huyu apimwe kwa kudumu kwake. Hakuahidiwa kwamba jitihada zitazaa mtoto mtulivu. Pengine matunda ya mwaka mzima ni mtoto aliyejifunza kutoka nje na kukaa chini ya mti badala ya kurusha kiti. Huo ni ushindi, na anastahili kupongezwa kwa huo.

Nasi tuna deni. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na methali hiyo tunaikumbuka kwa urahisi kwenye harusi za watoto waliokua vizuri. Mama huyu hatuombi tumponyeshe mwanawe. Anahitaji asubuhi moja ya Jumamosi aende sokoni, au alale tu, akijua mtoto yuko na mtu aliyefundishwa namna ya kumtuliza na asiyemchukia. Shangazi anaweza, mjomba anaweza, jirani anaweza. Tupange zamu.