Kaini Aliulizwa Kwanza

Julai 2021 polisi walimkamata mwanamume aliyeshukiwa kuwaua wasichana watano wa Moi's Bridge, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Mwezi huohuo, kijana Masten Wanjala alitiwa mbaroni Nairobi. Polisi walisema amekiri kuwaua zaidi ya watoto kumi.

Mshukiwa wa Moi's Bridge alifikishwa mahakamani Eldoret. Wanjala alitoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road tarehe 13 Oktoba, siku aliyotakiwa kupanda kizimbani. Siku mbili baadaye wanakijiji walimuua kwao Bungoma. Wengi walishangilia.

Je, mtu wa namna hiyo ana haki gani?

Katika kitabu cha Mwanzo, Kaini alimuua ndugu yake, na Mungu ajuaye yote alimuuliza alipo ndugu huyo kabla ya kutamka adhabu. Kisha akamtia alama ili yeyote atakayekutana naye asimuue. Kaini aliadhibiwa vikali, ila hakuachwa mikononi mwa walipiza kisasi.

Polisi hajui yote, kwa hiyo anahitaji kuuliza zaidi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamtaka amweleze aliyekamatwa sababu kwa lugha anayoielewa, amruhusu kunyamaza na kuzungumza na wakili, na amfikishe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama iwapo muda huo unaisha nje ya saa za mahakama. Sheria ya Ushahidi nayo haikubali ungamo lililotolewa kwa mpelelezi wa kesi.

Kwa mzazi aliyezika mtoto, masharti haya yanaweza kuonekana kama fadhili kwa muuaji. Uchungu huo ni halali, na hakuna mhubiri anayepaswa kuudharau. Lakini kesi ndiyo iliyowapa mashahidi wa Moi's Bridge nafasi ya kusema chini ya kiapo, na mshtakiwa akalazimika kuukabili ushahidi wao. Wazazi waliolilia haki katika kesi ya Wanjala walinyimwa nafasi hiyo. Kama alikuwa na wenzake, kama ungamo lake lilikuwa la kweli lote, hakuna hakimu aliyepata kupima.

Polisi watatu walikamatwa kuhusiana na kutoroka kwa Wanjala, na ilistahili. Mahabusu waliyepaswa kumlinda alikuwa anadaiwa majibu na wazazi wa watoto hao, na deni hilo halikulipwa.