Jina Litakuja

Mama mdogo wangu anauza samaki wa kukaanga Mbagala, na samaki wake huwanunua Feri, Magogoni, kabla jua halijatoka. Ukimfuata alfajiri utamkuta akifunua mashavu ya samaki mmoja mmoja kutafuta ule wekundu, huku mchuuzi akilalamika kwamba anamchelewesha. Hajali. Noti ya elfu kumi huipapasa kwa kidole gumba kabla hata hajaitazama. Na ule ujumbe unaozunguka nchi nzima miaka nenda rudi, "ile hela tuma kwenye namba hii", yeye huwa anaujibu. Huandika: "Nimeshatuma, angalia vizuri." Kisha anacheka peke yake jikoni.

Nimeanza na hayo ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za mtu mjinga.

Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha VICOBA, akina mama 26. Wanaovijua vikundi hivi wanalijua sanduku: la chuma, lenye kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo wanachama watatu tofauti. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Akili hiyo haikushuka kutoka mbinguni, imetoka kwa watu waliowahi kulizwa. Ila siku hizi michango ya dharura haipiti kwenye sanduku. Inapita kwenye simu ya mweka hazina, na maelekezo yake yanapita WhatsApp. Kufuli za simu hiyo hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Jumapili jioni aliingiliwa na ujumbe kutoka kwa mwanachama mwenzake, mtu ambaye wanaazimana hadi sufuria. "Shikamoo dada. Naomba umpigie kura mjukuu wangu, yuko kwenye shindano la uchoraji la watoto. Zimebaki kura chache aingie fainali. Bonyeza hapa, ni bure." Chini kulikuwa na linki na picha ya mtoto anayetabasamu.

Nani atamnyima mtoto kura ya bure?

Ukurasa ulifunguka vizuri. Watoto sita na michoro yao, kila mmoja na kitufe cha kijani. Akabonyeza. Akaombwa namba ya simu, "ili kura isihesabiwe mara mbili". Sababu ya maana kabisa, hata tume ya uchaguzi ingeikubali. Akaandika namba. Ikatokea kodi ya herufi na tarakimu nane, na maelekezo: utapata taarifa kwenye WhatsApp yako, ifungue, ingiza kodi hii, kura itakuwa imekamilika. Na taarifa ikaja kweli, tena ililetwa na WhatsApp yenyewe, kwa Kiingereza. Ilikuwa inamwuliza kama anataka kuunganisha kifaa kipya kwenye akaunti yake. Sisi wenye simu tuna tabia moja: Kiingereza kikijitokeza kwenye kioo tunatafuta pa kubonyeza ili kiondoke. Akaingiza zile nane, akarudi kugeuza samaki.

Hakuna kilichotokea. Simu haikuzima, salio halikupungua, grupu liliendelea na salamu zake za asubuhi. Tumezoea kudhani linki mbaya italipuka kama jiko la gesi. Hii ilifungua mlango wa uani tu, ikamwacha mtu aingie na kuketi. Kule aliko, kwenye kompyuta yake, huyo mtu alikuwa sasa na WhatsApp ya mama mdogo, na ujumbe wake wa nyuma, na kila kipya kilichoingia. Hakuandika neno. Alisoma, siku tatu.

Alijifunza kwamba mama mdogo humwita kila mtu "mwanangu", hata aliyemzidi umri. Kwamba haweki nukta, na humalizia na "Mungu ni mwema" na ua waridi moja. Akasoma kwamba mwanachama mmoja amefiwa na mumewe, kwamba rambirambi ni shilingi 20,000 kila mtu, na kwamba Jumatano mweka hazina atakuwa jikoni msibani tangu alfajiri.

Jumatano saa tatu asubuhi mikono ya mama mdogo ilikuwa kwenye mchele na simu iko ndani ya mkoba, chumba cha ndani. Wanachama wakaanza kupata ujumbe, mmoja mmoja, pembeni ya grupu: "Mwanangu namba yangu toka jana haipokei hela rambirambi tuma kwenye hii jina litakuja la kijana wangu wa dukani Mungu ni mwema." Na ua waridi.

Maneno "jina litakuja" yanataka kutazamwa kwa karibu. Ukituma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri unaonyeshwa jina la anayepokea. Kinga hiyo ni nzuri, imeokoa wengi. Tapeli hahangaiki kuivunja, anakutangulia kuitaja. Jina geni ambalo lilipaswa kukushtua linakutuliza, maana uliambiwa litakuja na kweli limekuja. Mwenye jina lenyewe huenda yuko kijijini kwake analima na hana habari. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019 tumewaona wale vijana wa chini ya miavuli wakisema "haijasoma, weka tena kidole". Kidole cha pili kilisajili laini ya nani? Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipopiga mimi nilikuta ni zangu zote, lakini nilisubiri majibu roho juu.

Watu 11 walituma. Laki mbili na ishirini elfu, ndani ya muda wa kuivisha wali.

Baadaye nilimwuliza mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, mtu makini, kwa nini hakupiga simu kwanza. Akanitazama kama niliyesema neno la aibu mbele za watu. "Nimpigie mweka hazina nimwulize kama kweli ni yeye? Tena yuko msibani? Si ni kumwita mwizi?" Jibu hilo limekaa nami kuliko yote niliyoyasikia wiki ile. Tunafundishwa kuogopa wageni, na linki ya kura haikuletwa na mgeni. Tunafundishwa adabu: mkubwa akiomba, toa, penye msiba, usihoji. Yule mtu aliyeketi uani siku tatu hakuwa na utaalamu wa kutisha. Alisubiri tu adabu yetu imfanyie kazi.

Aliyevunja mnyororo ni bibi mmoja wa kikundi, mwenye kitochi cha vitufe. Yeye WhatsApp haijui. Jirani alimwambia namba ya mweka hazina imeharibika, naye akafanya kama anavyofanya kila mwezi: akapiga. Mtoto akakimbiza simu jikoni.

"Naambiwa simu yako mbovu," bibi akasema. "Mbona nimepiga umepokea?"

Mama mdogo akaketi chini palepale, kwenye magunia ya mkaa.

Waliotuma wakapiga huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe. Ukiwahi, na hela ikawa bado iko kwenye laini, inawezekana. Yao ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Wakaripoti ile namba kwenda 15040 ya TCRA, ambako matapeli wa simu huripotiwa, wakaenda kituoni kuchukua RB. Sheria ipo, ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hela haijarudi.

Mimi nilifika jioni, kwa kuwa katika ukoo wetu ndimi fundi wa simu, kazi isiyo na mshahara. Nikafungua WhatsApp yake, nikaenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kilikuwepo kimoja: Google Chrome, Windows, kimetumika mchana ule. Mama mdogo hajawahi kumiliki kompyuta. Nilikiondoa kwa kubonyeza mara mbili. Kinauma kidogo kitu cha namna hiyo, kwamba mlango uliokula laki mbili ulifungwa kwa sekunde nne na ungeweza kufungwa Jumapili ileile, kama kuna mtu angeangalia. Nikamwekea pia uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Hiyo isingezuia wizi wa aina hii. Inazuia ule mwingine wa kukuomba usome kodi iliyokuja kwa SMS.

Kisha akaniambia, "Nionyeshe mashavu yake." Alimaanisha linki.

Tukaisoma pamoja. Ilianza na neno kura, likafuata watoto, ikafuata co.tz, yote mambo ya nyumbani. Nikamwambia anwani ya mtandao isomwe kama jina la mtu wa pwani, fulani bin fulani bin fulani: wa mwisho ndiye ukoo. Ukishavuka ile mikwaju miwili ya mwanzoni (//), tafuta mkwaju unaofuata, halafu rudi nyuma. Maneno mawili yaliyo kabla yake, au matatu kama inaishia na co.tz au go.tz, ndiyo mwenye nyumba. Yaliyotangulia mwenye nyumba anaweza kuyabandika atakavyo. Hii yetu, baada ya ile co.tz, iliendelea na rundo la herufi zisizotamkika na kuishia na "top".

Akauliza kuhusu kufuli, kwa sababu mwanawe alimfundisha zamani atafute alama ya kufuli juu ya ukurasa. Kufuli lile lilikuwa na maana moja tu, kwamba mazungumzo yako na ukurasa hayasikilizwi na mtu wa kati. Kama ukurasa wenyewe ni wa mwizi, basi unazungumza na mwizi kwa faragha. Google waliliondoa kwenye Chrome mwaka 2023 kwa kuwa watu walikuwa wakilielewa vibaya. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2017 mtafiti mmoja aliandika jina la Apple kwa herufi za Kisirili zinazofanana na za kwetu, na kwenye kioo hukuona tofauti yoyote.

"Mashavu nayo hupakwa damu," mama mdogo akasema. Anawajua wanaofanya hivyo.

Alikuwa amevunjika moyo, nikamsimulia habari za John Podesta. Huyo aliwahi kuwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya Marekani, na mwaka 2016 alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton. Machi mwaka ule alipata barua pepe iliyojifanya imetoka Google: mtu ana nywila yako, bonyeza hapa uibadilishe. Ofisini kwake hawakukurupuka, walimwuliza fundi wa kompyuta. Fundi akaandika kwamba barua ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Katika jibu hilohilo aliweka anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nywila. Kilichobonyezwa ni linki ya kwenye barua. Oktoba, WikiLeaks wakaanza kumwaga barua za Podesta hadharani.

"Kumbe na yeye aliponzwa na kura," mama mdogo akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu nifike.

Hapo nadhani ndipo palipo na msaada wa kweli, pale kwenye anwani ya fundi. Benki ikikuandikia, ingia benki kwa mlango wako wa siku zote, uandike anwani mwenyewe. Mjukuu wa jirani yuko kwenye shindano? Bibi yake ana simu, mwulize kwa sauti anachora nini. Linki iache ilipo.

Alhamisi tulikwenda kwa yule aliyemtumia mama mdogo linki. Kumbe mjukuu hachori, na bibi mtu hakuandika chochote. Naye aliingiliwa vilevile. Lililonishinda ni kwamba alijua. Jumapili usiku mwanawe alikiona kifaa kigeni akakiondoa, akamsihi mama yake awatangazie watu. Hakutangaza. Siku tatu tapeli anasoma kwa mama mdogo, na mtu mmoja mtaa wa pili anajua linki ile ni ya nini.

Nilitaka kusema neno kali. Mama mdogo akanishika mkono. Njiani akaniambia sababu: mwaka jana mwanachama mmoja alituma hela kwa mganga wa kwenye simu, na kikundi kilimcheka mwezi mzima, wakampa hadi jina la utani. "Na aliyelianzisha ni mimi," akasema. "Ningekuwa yeye, ningesema?"

Jumamosi kwenye kikao alisimama mwenyewe kabla ya hesabu, sanduku likiwa bado limefungwa, akasimulia tangu kura hadi magunia ya mkaa. Kulikuwa na kelele. Wengine walitaka alipe zote, wengine zitoke mfuko wa jamii, na wawili hawamsalimii vizuri hadi leo. Wakakubaliana kwamba namba ikibadilika mweka hazina atasema kwa sauti, na atakayempigia kuhakikisha asihesabiwe amemkosea. Bibi wa kitochi akauliza kama hilo nalo lilihitaji kupigiwa kura.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mama mdogo: "Mwanangu nimekwama Feri nitumie elfu kumi na tano ya barafu Mungu ni mwema." Ua waridi moja. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikakaa na simu mkononi kama dakika kumi, nikijiona mtoto asiye na adabu, mama yangu amesimama na samaki juani.

Akapiga yeye. Nyuma yake nilisikia wapiga mnada na mawimbi. "Mbona hutumi?"

"Shikamoo mama. Nilitaka nisikie sauti."

"Marahaba. Haya umeisikia," akasema. "Tuma, barafu inayeyuka."