Dawa ya tumbo: siri ya jamaa ao mali ya wote?

Huku kwetu Bunia, mtu akiumwa tumbo, mara nyingi anaanza na dawa za nyuma ya nyumba. Majani ya mapera yanachemshwa kwa kuharisha, tangawizi kwa kichefuchefu, mbegu za papai kwa minyoo. Kisha kuna majani machungu, ambayo wataalamu wanayaita Vernonia amygdalina. Lakini kuna dawa zingine ambazo wazee wanakataa kuzitaja. Wanasema: "Ukisema jina ya dawa, nguvu yake inaisha." Tunajiuliza: ni haki kuficha kitu kinachoweza kusaidia mwenzako?

Tusiwacheke wazee haraka. Siri ilikuwa na kazi yake. Ilichunga kipimo, sababu majani yanayoponya kwa kikombe kidogo yanaweza kuumiza kwa sufuria nzima. Ilichunga hata mti wenyewe, maana dawa ikijulikana sokoni, watu wanang'oa mpaka mizizi.

Lakini siri hiyo ilifaa wakati mjukuu aliishi karibu na babu yake. Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003, na mauaji yaliyoanza tena Djugu mwisho wa 2017, vilitawanya jamaa. Kijana anakulia kambini, mzee amekufa ao yuko mbali, na mti umebaki kule kijijini. Hapo siri haichungi tena kitu, inapotea tu.

Tuangalie Tanzania, kwenye milima ya Mahale. Mwaka 1987, Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa dawa za Watongwe, alikuwa pamoja na mtafiti Michael Huffman. Waliona sokwe mgonjwa akitafuna shina la hayo majani machungu. Kesho yake alikuwa na nafuu. Kalunde alisema wazi kwamba kwao huo mti ni dawa ya tumbo. Mti haukupoteza nguvu kwa sababu ya kutajwa. Na jina lake yeye limeandikwa pamoja na elimu yake.

Kuna jambo lingine. Mgonjwa anayeficha alichokunywa anamnyima munganga wa hopitali njia ya kumsaidia. Na kipindupindu, tunachokijua kando ya Ziwa Albert, hakingojei majani. Mwili unakauka kwa saa chache. Mpe mgonjwa litre moja ya mayi safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku mnamkimbiza hopitali. Muganga anayesema "hii imenipita" hajashindwa. Amefanya kazi yake.

Basi, tunaomba wazee wetu: mutaje mti, mufundishe kipimo, museme na mpaka wake. Na sisi vijana tukubali kukaa chini tujifunze, tupande miti hiyo karibu na nyumba, na tumtaje kila mara yule aliyetufundisha. Hiyo ndiyo heshima mzee anayodai.