Njia Nyembamba si Njia ya Upweke

Masomo: Matayo 7:13-14, Muhubiri 4:9-12



Bwana alitufundisha kwamba njia ya uzima ni nyembamba. Wengine wamesikia hivi: ni njia ya kwenda peke yako. Sikilizeni.

Katika jimbo la Utah, Marekani, kuna jangwa la mawe mekundu. Maji ya mvua yamekata mawe hayo kwa maelfu ya miaka, yakaacha mabonde membamba sana. Mahali pengine mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na mbingu anaiona kama uzi. Hakuna kibao cha kuonyesha njia.

Tarehe 26 Aprili 2003, Aron Ralston aliingia peke yake katika bonde liitwalo Bluejohn. Alikuwa kijana mwenye nguvu, aliyezoea milima. Lakini hakumwambia mtu mahali alipokwenda. Alipokuwa akishuka, jiwe kubwa lilisogea, likabana mkono wake wa kuume ukutani. Alilia, nani angesikia? Alikaa pale saa 127, maji yakamwishia. Mwishowe alijikata mkono kwa kisu kidogo, akashuka kwa kamba, akatembea akivuja damu, hata akakutana na watu wa jamaa moja waliomsaidia.

Mkono ulibaki kule. Kumwambia ndugu mmoja kungemgharimu neno moja tu.

Kati yetu wako wanaopanda mlimani kufunga na kusali siku nyingi bila kuaga mke, mume wala wazee. Wanasema: «Niko na Mungu, inatosha.» Bwana Yesu naye alisali peke yake, lakini Simoni na wenzake walimtafuta wakamwona (Marko 1:35-37). Na kule Getsemane aliomba watatu wakeshe naye. Je, mtumishi amempita Bwana wake?

Wengine jiwe limewabana nyumbani: deni, pombe, ugonjwa wa kufichwa. Kila siku ya Mungu wanaimba pamoja nasi, wala hawasemi.

Basi, anayekwenda kusali amwambie mzee mmoja mahali na siku ya kurudi. Siku ikipita, tusingoje, tumfuate. Na wewe uliyebanwa, sema leo, mkono ungali mzima.

Roho Mtakatifu atufungue vinywa. Amina.