Neno Amina na Uzito Wake

Ni maneno machache tuyasemayo mara nyingi kama Amina, wala ni machache tuyafikiriyo kidogo kama hilo. Kwa watoto ni alama ya kwamba sala imekwisha, na hata wazee wengine hulifanya kuwa mlango wa kutokea. Basi na tuulize: Je, yafaa mtu kusema Amina kwa jambo asilokusudia kulitenda?

Kwanza tutazame asili yake. Neno hili ni la Kiebrania, na maana ya shina lake ni kuwa imara, kutotikisika. Haruni na Huri walipoitegemeza mikono ya Musa ikakaa imara hata jua kuchwa (Kut. 17:12), Kiebrania chatumia neno la shina lilo hilo. Wayunani walilipokea Amina pasipo kulifasiri, na Walatini vivyo hivyo. Kwa hiyo Mdachi, Mwingereza na Msukuma, ijapokuwa lugha zao ni mbali mbali, hulitamka pamoja. Waarabu nao wana shina hilo, na kutoka kwao Kiswahili chetu kilipata jamaa nzima: amini, imani, amana na amani.

Jamaa hii haiachani. Amana ni kitu ulichokabidhiwa. Mwenye kuitunza huitwa mwaminifu. Watu humwamini, ndipo amani hukaa kati yao. Amana ikiliwa, yote huondoka.

Sisi tukaao Mwanza twalijua jambo hili kwa machozi. Abiria apandaye chombo huweka maisha yake amana mikononi mwa watu asiowajua. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikija kutoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, nayo imepakia watu kupita kiasi, mamia wakafa. Yeyote asemaye, "Chombo hiki ni salama," amesema Amina juu ya roho za wenzake. Ndivyo alivyo mpima pamba asemaye, "Mizani ni sawa."

Labda mtu atajibu: "Sala si mapatano. Mimi naomba tu, Mungu ndiye atendaye." Kweli, Luther katika Katekisimu Ndogo alifundisha kwamba Amina ni kuwa na hakika ya kuwa Mungu atusikia. Lakini tusome na Kum. 27, jinsi Israeli walivyoitikia Amina kwa laana moja moja, na mojawapo ni ya mtu aondoaye mpaka wa jirani yake. Tena katika Neh. 5:13, matajiri walipoahidi kuwarudishia ndugu zao mashamba na riba, mkutano wote ulisema Amina, na watu wakatenda kama walivyoahidi. Uimara wa Mungu ni mwamba. Amina yetu ni kusimama juu yake, wala asimamaye hapo hawezi kuwa na mguu mwingine mchangani.

Ninyi walimu wa dini, kumbukeni 1 Kor. 14:16: asiyeelewa sala ataitikiaje Amina? Ombeni polepole, kwa maneno yajulikanayo na watu. Na aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane huko pwani ya ziwa, aurudishe kwanza Jumamosi, ili Jumapili aseme Amina pasipo kujihukumu.