Nani Amebeba Kilo Ulizopunguza?

Wateja wangu wengi hapa Mwisenge, Musoma, wanaamini kwamba geti zito ndilo geti imara. Mtu anafika kibandani, ananyanyua skwea paipu kwa mkono mmoja, akiona imenyanyuka kirahisi anakunja uso: "Fundi, hii nyepesi, niwekee nene." Basi namchorea kwa chaki sakafuni. Fremu ya pande nne, hata ukiichomelea kwa paipu nene namna gani, ukishaitundika kwenye bawaba za upande mmoja mzigo wote unazipinda zile kona, na baada ya muda geti linainama na kuanza kukwaruza chini. Weka kipande kimoja cha mshazari kutoka kona ya chini penye bawaba hadi kona ya juu ya upande wa pili, na tayari una pembetatu mbili. Pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake mmoja urefuke au ufupike, na chuma hakikubali hilo kirahisi. Kuanzia hapo kila kipande ama kinavutwa ama kinasukumwa, hakuna kinachopindwa. Unaweza kushuka hadi paipu ya geji nyembamba, geti likapungua kilo na bado likadumu. Wachache wanakubali. Waliobaki wanataka kulipia uzito, nami nawauzia.

Hesabu hiyo niliielewa nikiwa bado najifunza kazi. Katika karakana ya mzee aliyenifundisha kulikuwa na rundo la majarida ya zamani ya magari, na katika jarida moja nikakuta picha ya Lotus Seven kabla haijavishwa bodi. Ilikuwa mifupa mitupu: mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu kutoka mbele hadi nyuma, halafu mabati ya alumini yakapigwa ribiti juu ya baadhi ya nafasi ili nayo yasaidie kukaza. Aliyeibuni, Colin Chapman, alikuwa amesomea uhandisi wa majengo na madaraja London. Gari lake la kwanza alilijenga mwaka 1948 kutokana na Austin Seven kuukuu, na kampuni yake ya Lotus akaianzisha 1952, mwaka ambao Julius Nyerere alimaliza masomo Edinburgh na kurudi nyumbani. (Walikuwa nchi moja kwa miaka mitatu, na sidhani kama mmoja alipata kumsikia mwenzake.)

Seven ilitoka 1957. Haikufika nusu tani. Injini ilikuwa ya Ford ya sentimita za ujazo 1,172, ya nguvu za farasi kama 40 tu, lakini kwa mwili ule ilitosha kuyaaibisha magari ya bei ya mbali. Watu wengi waliinunua ikiwa vipande ndani ya maboksi, kwa sababu gari unalojiunganishia mwenyewe halikutozwa kodi ya mauzo. Sheria ilikataza kifurushi kama hicho kuja na maelekezo ya kuunganisha. Husimuliwa kwamba Lotus wakatoa maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho. Nikiwasimulia vijana wangu hawaamini, lakini wanacheka.

Chapman husemwa kuwa alihubiri jambo moja maisha yake yote: rahisisha kwanza, kisha ongeza wepesi. Kifaa kimoja kifanye kazi mbili. Nguvu ya injini inakusaidia kwenye barabara iliyonyooka peke yake, ila kilo uliyoiondoa inakusaidia kila mahali, ukikata kona, ukifunga breki, ukipanda mlima. Elan ya 1962 ilikuwa na uti wa mgongo mmoja wa bati la chuma na bodi ya faibaglasi, yote kama kilo 680, ikiendeshwa na injini ambayo bloku yake ilitoka kwenye ukoo wa injini za Ford Cortina.

Ukoo huohuo ulishinda kwetu. Mwaka 1964 Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young ilishinda mbio za East African Safari. Lakini Safari ilikuwa na hukumu yake juu ya wepesi: mwaka mmoja kabla, kati ya magari 84 yaliyoondoka, 7 tu yalifika mwisho, na lililokuwa mbele ni Peugeot 404, gari la familia. Bert Shankland wa Dar es Salaam naye akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Kwenye tope na makorongo yetu, chuma cha ziada kilikuwa na maana yake.

Mimi ni Mmenoniti wa kuzaliwa. Wamishonari wa kanisa letu walifika Shirati mwaka 1934, mwaka uleule ambao mtoto wa Chifu Burito wa Butiama, Nyerere yuleyule, aliletwa kuanza darasa la kwanza katika shule ya hapa Mwisenge. Walikuja na mafundisho ya maisha yasiyo na makuu: nguo bila madoido, mapambo yaachwe, nyumba iwe na kinachohitajika. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kupunguza ni wema. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatuambia tuvue kila kinachotulemea tupate kupiga mbio. Niliposoma habari za Chapman nilimwona kama muumini mwenzangu ambaye hakuwahi kuingia kanisani kwetu. Ndiyo maana swali hili limenikalia kwa muda mrefu: wepesi wenyewe ni fadhila? Anayepunguza amekuwa mwema kwa kupunguza tu?

Jibu langu lilianza kutikisika nilipofika kwenye habari za madereva.

Miaka ya mwanzo Chapman aliendesha magari yake mwenyewe, na alikuwa na kasi. Mwaka 1956 alipewa hata kiti cha timu ya Vanwall kwa mashindano ya Ufaransa pale Reims, akapata ajali kwenye mazoezi na hakuanza mbio. Baadaye alibaki pembeni mwa njia na saa ya kupimia muda, na kwenye viti wakakaa wengine. Mei 1969, kule Barcelona, mabawa ya magari yake mawili yalivunjika katika mashindano yaleyale. Jochen Rindt, mmoja wa madereva wawili waliopata ajali siku ile, alimwandikia barua. Alimwambia kwamba magari ya Lotus yana kasi kiasi kwamba hata yakiongezwa kilo chache kwenye sehemu dhaifu zaidi bado yatashindana. Dereva anaomba uzito! Sijui ombi la kiungwana kuliko hilo katika historia nzima ya magari.

Mwaka uliofuata likaja Lotus 72. Kwa kawaida diski ya breki hukaa ndani ya gurudumu, na kila gurudumu linaporuka shimo linaruka pamoja na uzito wake. Wahandisi wakaziondoa diski za mbele kwenye magurudumu, wakazifunga katikati ya gari, na kuziunganisha na magurudumu kwa vyuma vya duara vinavyozunguka. Magurudumu yakawa mepesi, tairi zikashika barabara vizuri zaidi. Tarehe 5 Septemba 1970, kwenye mazoezi ya Monza, chuma cha upande wa kulia kilikatika Rindt alipofunga breki. Gari lilichepuka likagonga ukingo, naye akafa. Alama alizokuwa amekusanya hazikufikiwa na mtu, akawa bingwa wa dunia wa Formula One wa pekee kutawazwa baada ya kifo.

Lazima nitende haki. Siku ile gari lilikuwa limeondolewa mabawa ili likimbie zaidi, na Rindt alilitaka hivyo. Mkanda wa kupita katikati ya miguu hakuupenda na hakuufunga. Naye alikuwa amepunguza vyake. Ila kuna tofauti kati ya alichojipunguzia na alichopunguziwa. Mkanda aliujua na kuukataa kwa hiari yake. Kile chuma alikiachia mikono ya mwenzake.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya fadhila yetu. Unapomwondolea mtu kilo kwenye gari, hatari iliyokuwa imezuiwa na zile kilo haiondoki pamoja nazo. Inahama, inamwangukia aliyekaa. Jirani yangu, fundi cherehani, Mwislamu, hupinga nikisema hivi. Kwao, ananiambia, hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Namjibu kwamba hiyo ni siku ya hukumu, tena naiombea ifike hivyo. Hapa Musoma mizigo inabebeshwa wengine kuanzia asubuhi. Yesu mwenyewe aliwakaripia walimu wa sheria waliofunga mizigo mizito mabegani mwa watu na wao wasiiguse hata kwa kidole, nami naamini angewakaripia vilevile wanaowafungulia watu kinga yao na kuiita wepesi.

Mwalimu Nyerere tumemsikia tangu utotoni, na kwa mtu wa Mara ni vigumu kuzungumzia kupunguza bila kumtaja. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mishahara. Mwalimu alikasirika, akawarudisha mamia nyumbani. Lakini siku ileile alitangaza kwamba anakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha la Februari 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha. Aliyeshika msumeno alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile alichokuwa anakikata. Alipong'atuka 1985 alirudi Butiama, na huko ndiko alikozikwa.

Si kila alichokata kilikuwa cha kwake. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 familia nyingi za mkoa huu ziliacha maboma na miembe zikahamishiwa kwenye mistari ya vijiji vipya, na waliopanga mistari hiyo hawakuacha boma lolote. Wazee wanaolisifu Azimio na kuilalamikia Operesheni kwa pumzi moja huitwa vigeugeu. Mimi naona wako sawa kabisa. Wanapima kwa kipimo kimoja: yule aliyepunguza, je, alikaa humo ndani? Azimio lenyewe nalo lilifikia zamu yake. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya viongozi yalilegezwa. Wananchi hawakulegezewa kitu.

Kwa hiyo sikubali tena kwamba wepesi ni fadhila kwa jina lake. Ni kama kisu. Mfungo wa mtu tajiri ni ibada. Ukimfungisha mfanyakazi wako kwa kumcheleweshea mshahara, huo ni wizi hata ukiufanya ndani ya Kwaresima. Mhubiri anayetuambia tusipende vitu vya dunia tumwangalie kwanza anavyoishi. Na mzazi anayesema kwamba shida humjenga mtoto akumbuke kuwa shida haijengi yeyote kama hakuna anayeibeba pamoja naye.

Mwaka huu mtu mmoja aliniletea Hiace. Alitaka niondoe viti vilivyokuja na gari, vile vyenye mikanda na miguu iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, nimtengenezee mabenchi ya paipu nyembamba. Hesabu zake zilikuwa nzuri: gari lingepungua uzito, mafuta yangeshuka, na kila safu ingeingia mtu mmoja zaidi. Nilimwuliza kiti cha dereva nacho tukibadilishe? Alinishangaa. Kiti cha dereva kibaki, alisema, yeye mwenyewe ndiye anayeendesha. Abiria hawakuwepo tulipokuwa tunapatana bei. Nilikataa, akaenda kwa fundi mwingine, na gari hilo linabeba watu kila siku.

Ukipanda gari hapa stendi ya Musoma, iwe unakwenda Bunda au Butiama, kabla hujakaa shika kiti kwa mkono ukitikise. Kikicheza, shuka udai nauli yako.